Habari za Ngazi na Mlango wa Nne wa Gego Langu

"Hivi jirani," aliniuliza siku moja mwenzangu wa ukuta mmoja, tulipokuwa tukianika nguo kwenye kamba yetu ya shirika, "huko chuoni kwenu nasikia wanafundishwa kuua jino la mtu, halafu wanaliacha limesimama kinywani. Sasa jino maiti linatafunaje?"

Sikumjibu, kwa kuwa nilikuwa nimebana vibanio viwili kati ya midomo, na swali zito halijibiwi na mtu mwenye vibanio. Lakini tangu siku ile jibu lilikaa kooni likiningoja, nami leo nalitoa, na asiye jirani yangu naye ana haki ya kusikia.

Basi sogeeni, enyi wenye meno thelathini na mawili na enyi mliobakiwa na mawili. Punguzeni moto chini ya sufuria, mpeni mtoto kitu cha kushika, fungeni mlango kuku asiingie. Njooni msikie vita vilivyopiganwa mchana kweupe, chini ya taa ya umeme, katika uwanja usiozidi ukubwa wa punje ya kunde. Namwomba Mola, aliyempa mwanadamu meno mara mbili na mara ya tatu akamwachia daktari, aushike ulimi wangu nisiongeze wala nisipunguze. Na nikiongeza, basi iwe kidogo na kwa nia njema.

Upo ukumbi, katika chuo cha madaktari wa meno, wenye viti kumi na viwili vya kulazia wagonjwa na sakafu ya kijani ambayo mimi mjane nimeipiga deki kwa miaka kumi na moja. Nakijua kila kiti kwa tabia yake. Kiti cha saba kina ugonjwa: ukikipandisha kinatii, kisha kinashuka chenyewe polepole, kama mtu aliyeshikwa na usingizi wakati wa mahubiri, na mafundi wamekuja mara tatu wakakitazama wakaondoka.

Katika ukumbi huo alitawala Mwalimu Rudia, mtikisa makoti meupe, mwenye miwani mbili, moja puani na moja utosini. Jina la Rudia alipewa na wanafunzi, maana ndilo neno alilolitamka kuliko salamu. Sheria yake ilijulikana na kila aliyevaa koti. Kazi ikiwa mbaya, husema, "Rudia." Ikiwa mbaya kupita kiasi, huhutubia. Ikiwa nzuri, hasemi kitu. Hutia saini kwenye kitabu cha mwanafunzi, hugeuka, huyo mlangoni. Kwa hiyo ukumbini kwetu kimya chake ndicho kilikuwa taji, na wanafunzi walikililia kuliko cheti. Katika miaka yangu kumi na moja nilikishuhudia mara nne, na mara mbili kati ya hizo alikuwa na mafua, sauti imemkauka.

Nilimsikia akiwafundisha huku nikisukuma fagio langu la deki, wakinizoea kama wanavyouzoea ukuta. Jino, aliwaambia, ni nyumba yenye dari ngumu. Chini ya dari kuna chumba, na sakafuni mwa chumba kuna vimilango, na kila mlango unaingia mfereji unaoshuka ndani ya mzizi, humo ukiishi uzi hai wa jino. Uzi ukioza, nyumba nzima huuma. Basi askari wa meno huvunja dari kwa keekee, huitafuta milango, hushuka kila mfereji kwa vitupa vyembamba kama unywele, husugua, huosha kwa dawa yenye harufu ile ile ya dawa yangu ya kung'arishia mashuka, hukausha, kisha huziba kwa mpira wa rangi ya waridi mpaka chini kabisa. Ukiishia njiani, adui umemwachia kambi na chakula chake. Ukipitiliza ncha ya mzizi, umemchoma mkuki raia mwema nje ya mji. Na gego la juu, aliwaonya kidole kikiwa hewani, lina milango mitatu ya kuonekana, na mara nyingi lina wa nne unaojificha. Asiyeutafuta wa nne amemfungia mwizi ndani ya nyumba na kumpa ufunguo.

Katika wanafunzi wa mwaka wa nne alikuwemo kijana waliyemwita Ngazi, mgusa dari, mpinda shingo, ambaye taa za ukumbini zilimjua kwa utosi kabla hazijamjua kwa uso. Kwenye meno yaliyokwisha kung'olewa na kusimikwa katika vipande vya plasta, hakuna aliyemfikia. Alilishika jino kiganjani, akaligeuza juu chini, akalielekeza dirishani kama mtu anayekagua yai, na mifereji ikamfungukia yenyewe kwa adabu. Lakini kinywa cha mtu hakigeuzwi. Jino la juu lililo nyuma huonekana kwa kile kioo kidogo chenye mpini, na mbele ya kioo hicho shujaa wetu alikuwa kipofu mwenye macho mawili: akitaka kusogea mbele, mkono ulirudi nyuma, akitaka nyuma, ulikwenda mbele.

Mara ya kwanza alipimwa kwenye kichwa cha mpira, lile sanamu lenye mashavu na meno yote, linalofungwa kwa skrubu mahali pa mgonjwa. Ngazi alipoona kioo kinamshinda, alitazama kulia, akatazama kushoto, akakifungua kichwa skrubu, akakipakata kama mtoto anayenyolewa, akafanya humo kazi safi isiyo na mfano, kisha akakirudisha mahali pake. Alikirudisha kikitazama ukuta. Mwalimu Rudia alikuja, akakizunguka kiti mara mbili, akauliza uso umekwenda wapi, akahutubia robo saa.

Mara ya pili alipewa mtu hai, naye ni askari wetu wa getini, mwenye gego bovu na moyo mwema. Nilikuwepo, nikifuta kiti cha jirani. Ngazi alimshusha kichwa, akampandisha miguu, akamshusha tena, akitafuta pembe ya kuliona jino bila kioo, mpaka soli za askari zikaitazama dari na funguo za geti zikamtoka mifukoni moja baada ya nyingine. Filimbi yake, iliyoning'inia shingoni kwa uzi, ikateleza kidevuni, ikaingia mdomoni, naye, kwa kuwa pumzi haina njia nyingine, akapumua. Ikalia. Na wiki ile ile tulikuwa tumefundishwa sote kwamba filimbi ni ishara ya moto.

Enyi wasikilizaji, majeshi makubwa yamevunjika kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Viti kumi na kimoja vilimwaga wagonjwa wao. Watu walitoka na vitambaa vifuani na ganzi mashavuni, wakajipanga uani, wakahesabiwa, wakahesabiwa tena. Aliyekosekana ni mmoja, askari, ambaye kazi yake ilikuwa kutuokoa sisi. Naye alibaki ndani kichwa chini miguu juu, akipiga filimbi kila alipojaribu kuomba msaada.

Siku hiyo Mwalimu Rudia alihutubia mpaka walioketi wakasimama na waliosimama wakaketi. Maneno yake ya mwisho nayakumbuka.

"Kijana, Mungu alikupa urefu wa kuona mbali, na mimi nakutaka uone karibu. Umekigeuza kichwa cha mpira, umemgeuza mlinzi wa geti. Ukiachwa utaigeuza dunia nzima upate kuona gego moja. Nakupa mgonjwa wa tatu. Ukishindwa, mwaka huu utaurudia."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kwa maana nyuma ya Ngazi, kwa mwaka mmoja tu, alisoma mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, msichana mfupi mwenye ulimi mrefu. Kurudia mwaka ni kwenda kuketi dawati moja na mtoto ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimfunga kamba za viatu, akimfuta kamasi, akimwambia yeye ndiye mkubwa na amfuate. Nyumbani kwao Ngazi ndiye wa kwanza kuvaa koti jeupe. Na sasa koti la pili lilikuwa likimkanyaga kisigino.

"Usijali, kaka," dada yake alimwambia koridoni, mbele ya watu, "nimeshakuwekea kiti karibu yangu. Ukikwama nitakunong'oneza."

Watu walicheka. Ngazi naye alicheka, kwa meno ya mbele tu.

Saa tisa mchana nilimkuta kwenye chumba cha kuoshea vyombo, mimi nikiingia na sinia za kwenda kwenye mashine ya mvuke, yeye akiwa amepiga magoti chini ya sinki, kioo chake mkononi, akijaribu kuchoma kwa kitupa kipande cha sabuni alichokibandika chini ya beseni. Alichoma bomba, akachoma kidole, akachoma hewa. Sabuni ilibaki nzima.

Akaniambia, "Mama, kioo kinanidanganya."

"Hakidanganyi, mwanangu. Kinasema kweli kikiwa kimekupa mgongo." Nikaweka sinia chini. "Tangu marehemu aondoke, vifungo vya mgongoni mwa gauni langu nani wa kunifunga? Nafunga mwenyewe, kwa vioo viwili. Mwaka wa kwanza nilikwenda kwenye ibada vimepanda kombo kama ngazi iliyovunjika, nisamehe kwa jina lako. Nililia nikajifunza. Kwenye kioo, kwenda ni kurudi. Shika hilo tu, mengine ni mkono kuzoea."

Aliyarudia maneno yale kimoyomoyo, nikaona midomo ikitembea. Nikamwambia aje kwangu Jumamosi mchana, aje na njaa.

Jumamosi nilimwekea mezani ungo wa mchele. Kati ya macho yake na ungo nikasimamisha mfuniko wa sanduku, asiuone mchele ila kwa kioo, na kioo nilichompa ni kile cha kunyolea ndevu cha marehemu, ambacho sikuwa nimempa mtu mwingine kukishika. Nikamwambia achambue mawe. Alichambua kwa saa nzima, jasho likimtoka kama mpasua kuni, kisha akanipa ungo kwa heshima akisema umekwisha. Nami, kwa kumwamini mgeni, niliupika kama ulivyo.

Laiti ningetazama. Shujaa alikuwa ametupa mchele na kuyaacha mawe.

Jirani yangu alikuwa amekuja na sahani yake, kama ilivyo desturi yake akisikia kifuniko kikigonga sufuria. Alionja, akaacha kutafuna, akauliza kwa upole kama mchele ule umechambuliwa au umepandwa mawe ili yaote. Mimi nilijikaza nisimwaibishe kijana. Tonge la kwanza nililimeza kwa imani. Tonge la pili likasema ka, na sauti ile haikutoka sahanini.

Gego langu la juu kulia lilikuwa na tundu kwa miaka miwili, nami nililifunga kwa karafuu na subira. Jiwe la Ngazi lilivunja karafuu, likavunja subira, likaingia mpaka chumbani. Kufikia Jumatatu shavu lilikuwa limeumuka kama unga wa mkate. Chuoni walinipiga eksirei, wakasema uzi umeoza; ama ling'olewe, ama litibiwe mizizi. Na juu ya kung'oa, ndugu zangu, upande wangu wa kushoto ulikuwa tayari ukumbi mtupu. Gego lile ndilo pekee lililobaki na mwenzake wa chini wa kukutana naye. Likitoka, ningemaliza siku zangu nikinywa uji kama mtoto mchanga.

Wakanipa dawa, wakaliziba kwa muda, wakanipa tarehe ya wiki tatu mbele, wakaniuliza nataka daktari gani. Nikasema Ngazi.

Mwalimu Rudia aliniita pembeni, akaishusha ile miwani ya utosini juu ya ile ya puani, akanitazama kwa miwani zote mbili. Akanikumbusha habari za askari. Akanikumbusha kwamba mwanafunzi akiitoboa sakafu ya jino, jino halina dawa tena ila koleo, na mfanyakazi wake wa siku nyingi hakumtakia hilo.

"Mwalimu," nikamwambia, "aliyenivunjia anajua palipovunjika. Nimemwona akikosea kwa miaka minne, na hajakosea mara moja kwa uvivu. Kama Mungu amepanga gego hili liondoke, na liondoke likiwa limesaidia mtu."

Aliandika jina langu kwenye kitabu: kiti cha saba, Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Ndipo ulipoanza mwito mkuu wa nyungo. Ngazi alikuja kwangu kila alasiri kwa wiki tatu, na mchele wangu ukaisha siku ya tatu, jirani akaleta wake. Habari ilipita uzio. Siku ya tano alikuja mwenye dengu, ya sita mwenye maharage, na kabla wiki haijaisha akina mama walikuwa wamepanga foleni mlangoni pangu, kila mmoja na ungo kichwani kama ngao, wakigombana nani alitangulia, na kijana ameketi ndani, mfuniko wa sanduku mbele yake, kioo cha marehemu mkononi, akiyanyakua mawe kama mwewe. Kwanza alikosa kumi akapata moja. Kisha alikosa moja akapata kumi. Kisha mtaa mzima ukala kwa siku nne bila mtu kugwaya wakati wa kutafuna, jambo lisilokumbukwa hata na wazee. Jirani alisema kijana akifeli chuoni asihuzunike, sisi tutamwajiri.

Ila ushindi una kodi yake. Mkono ulipozoea kioo ulisahau dunia. Akawa akimimina chai ubavuni mwa kikombe, akisukuma mlango wa kuvuta, na siku moja alinipa mkono wa kwaheri ukampita jirani sikioni. Nilimwambia asijali, vita vyake haviko kwenye chai.

Alhamisi ikafika. Niliamka mapema, nikasali, nikafunga vifungo vyangu vya mgongoni vyote kumi na kimoja bila kukosea hata kimoja, nikaihesabu hiyo kuwa dalili. Nililala kwenye kiti cha saba, ambacho nilikuwa nimekifuta maelfu ya mara bila kukilalia, na nikagundua kwamba dari pale ina doa linalofanana na bata. Aliyepangiwa kumsaidia Ngazi, kushika bomba la kunyonya mate, alikuwa dada yake. Sijui ni bahati au ni Mwalimu Rudia. Kaka na dada walitazamana juu ya pua yangu. Msichana akalishika bomba, akalisogeza tayari mdomoni pangu.

Kwenye sinia ya vyombo, kando ya kibeseni, nilikiona kioo cha marehemu. Ngazi alikuwa amekileta. Hakikuwa na kazi pale. Alikiweka tu, kimtazame.

Ganzi iliingia, shavu likahama mwilini. Pazia la mpira lilitandazwa juu ya kinywa changu, gego likabaki limetokeza peke yake kama mlima juu ya mafuriko. Ngazi akaliinamia. Wanafunzi wenzake walisema baadaye kwamba alisafisha koo tu, lakini mimi niliyekuwa chini yake nilimsikia akilihutubia.

"Ewe gego la mama, niliyekulisha mawe yangu mwenyewe, mimi sikuja kukung'oa. Nimekuja kumtoa aliyekuozesha. Nifungulie."

Akawasha keekee.

Dari ilivunjika kwa kelele na mvuke. Chumba kikafunguka, na harufu iliyotoka humo ilimfanya dada yake ageuze uso, nami niliona haya kana kwamba wageni wamenikuta sijafagia. Kwenye miwani ya Ngazi niliona kila kitu, kidogo na angavu: kinywa changu kama pango lenye taa, kitupa kikishuka, kikipanda. Mlango wa kwanza, upande wa shavu, ulijisalimisha. Wa pili, nyuma yake, ulibisha kidogo ukakubali. Wa tatu, ule wa upande wa kaakaa, ulikuwa mpana kama lango la soko. Kila mfereji aliupima urefu kwa kitupa chenye kipete cha mpira, akapiga eksirei, akahakikisha hajaishia njiani wala hajapitiliza. Saa moja ikapita, ya pili ikaanza. Kiti cha saba nacho kiliendelea na ugonjwa wake, kikishuka unyoya kwa unyoya, na Ngazi, mgusa dari, akashuka nacho, kwanza akiinama, kisha akichuchumaa.

Mwanafunzi wa kiti cha nane alimnong'oneza kwamba mitatu inatosha, wengi hupita kwa mitatu, afunge akapumzike. Na kwa kweli mwili wake wote ulitaka kufunga. Nililiona hilo mabegani. Viatu vya Mwalimu Rudia vikaja vikasimama kichwani pangu.

"Mingapi?"

"Mitatu, Mwalimu," Ngazi akasema. "Natafuta wa nne."

Viatu havikuondoka.

Sasa sikilizeni. Ule mlango wa nne uko karibu na wa kwanza, umejificha chini ya kizingiti cha mfupa, mdogo kuliko ncha ya sindano, na njia ya kuufikia ni kukwangua kidogo kuelekea kaakaa. Ukikwangua kuelekea kwingine, unatoboa nyumba. Na kwa kuwa ni juu na ni nyuma, hauonekani ila kwa kioo. Nikiwa nimelala na pango langu likiwaka kwenye miwani yake, niliuona mkono wa Ngazi ukianza safari, nikajua unakoelekea. Ulikuwa unakwenda, badala ya kurudi.

Nilikuwa na kidole cha kuinua, kile tulichoambiwa tuinue tukiumia. Nilikiinua nusu. Kisha nikakirudisha kwenye kiti, maana ningemwonyesha mimi, asingekuwa ameona yeye. Nikaanza kusali kwa haraka, bila mpangilio, nikichanganya sala ya chakula na sala ya safari.

Mkono ukasimama. Ngazi alifumba macho. Kiti kikashuka unyoya mmoja tena, na goti lake likagusa sakafu yangu ya kijani. Akiwa amepiga magoti hivyo, macho yamefumbwa, nilimsikia akisema polepole, kama asemavyo mtu anayehesabu ngazi gizani, "Kwenda ni kurudi."

Akafumbua macho. Mkono ukarudi nyuma. Kiooni ukaenda mbele. Akakwangua mara moja, mara mbili, akachukua kitupa chembamba kuliko vyote, akakigusisha. Kikateleza. Akakigusisha tena, na safari hii ncha ikazama, ikashikwa, ikabaki imesimama yenyewe bila kuguswa, kama mkuki uliochomekwa juu ya ngome.

Dada yake alisema tu, chini kwa chini, "Kaka," akasahau kunyonya mate, nikakaribia kuzama.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya kumalizia: kusugua, kuosha, kukausha kwa vijiti vya karatasi, kuziba mifereji yote minne kwa mpira wa waridi. Wakanipiga eksirei ya mwisho, ya ubavuni, ili mizizi isifichane. Mwalimu Rudia aliipokea, akaenda nayo dirishani, akatupa mgongo.

Wakati tunangoja, nilimkumbuka jirani na swali lake la kwenye kamba, na hapo, nikiwa na shavu moja lisilo langu, nikapata jibu. Jino maiti linatafunaje? Linatafuna kama mjane. Aliyekuwa akiishi ndani yake ameondoka, na pale alipokuwa pamezibwa kwa kitu kisichosikia baridi wala moto; lakini limesimama kwenye safu yake, na asubuhi likiletewa mkate, litaumega.

Iandikwe basi na wanaoandika mambo makubwa, na wasiojua kuandika wasimulie: kwamba siku ya Alhamisi, saa tano na dakika arobaini asubuhi, kwenye kiti cha saba kilichokuwa kimeshuka mpaka chini, mwana wa watu aitwaye Ngazi aliufungua mlango wa nne wa gego la juu la kulia bila kugeuza kichwa cha mtu yeyote.

Mwalimu Rudia aligeuka kutoka dirishani. Akaja mpaka kwenye kiti. Akafungua kinywa.

Nasi tuliijua sheria: akisema, kazi ni mbaya. Dada yake alishika bomba kwa mikono miwili.

"Nani alikufundisha kioo?"

Ngazi alikuwa bado amepiga magoti. Alijaribu kusimama, akajigonga kwenye taa, na kutoka mfuko wa koti lake ukamwagika mchele, konzi nzima, aliokuwa akitembea nao kufanyia mazoezi kila alipoketi. Ulisambaa kwenye sakafu yangu mpaka chini ya kiti cha nane.

"Mama huyu, Mwalimu," akasema. "Kwa mchele."

Mwalimu Rudia aliniangalia. Nilitaka kueleza habari za vifungo, lakini ganzi ilikuwa imeushika ulimi, na mate yalikuwa yakinitoka kwa upande mmoja. Nikainua kile kidole changu, nikakigeuza mbele nyuma, nyuma mbele. Akakitazama kidole. Akaitazama sakafu. Kisha akachuchumaa, mtikisa makoti yule, akaanza kuokota mchele. Wanafunzi walitaka kumsaidia, akawazuia kwa kiganja. Aliokota mpaka punje ya mwisho, akatoa jiwe moja lililokuwemo, akaliweka kwenye sinia kando ya kioo cha marehemu, na mchele wote akautia mfukoni mwake. Akakivuta kitabu cha Ngazi, akatia saini, na bila neno lingine akatoka.